Mapafu hayanenepi: ya kufanya kabla ya kudai pafu bandia Dar es Salaam

Kila wimbi la nimonia ya virusi linapopita Dar es Salaam, swali lilelile husikika kwenye mabenchi ya nje ya wodi, iwe Amana, Temeke au Mwananyamala: kwa nini mgonjwa wetu asiwekwe kwenye ile mashine inayofanya kazi ya mapafu, tuliyoisikia sana wakati wa UVIKO? Ni swali la haki. Anayeuliza ana ndugu anayehema kama aliyetoka kukimbia, anapewa oksijeni yote iliyopo, na bado kifaa cha kidoleni kinasoma asilimia 78. Jibu analopata mara nyingi ni neno moja, "hatuna", na mazungumzo yanakatikia hapo. Yasikatikie hapo. Ushahidi wa mashine hiyo, ukisomwa taratibu, unaisema hospitali kuliko unavyoisema mashine, na sehemu kubwa ya unayoyasema inaweza kufanyika katika jiji hili usiku wa leo.

Tuanze na pafu lenyewe. Virusi vya mafua makali au vya UVIKO-19 vikishuka hadi kwenye vifuko vya hewa, huharibu chembe zinazovizunguka. Kuta zinavuja, maji mazito yenye protini yanaingia, vifuko vinashikana na kufunga. Mgonjwa akiwa amelala chali, sehemu ya upande wa mgongo ndiyo huziba kwanza. Kinachobaki wazi kwa mtu mzima mwenye hali mbaya kinaweza kulingana na pafu la mtoto mdogo. Mabingwa wa ICU hata wanaiita hali hiyo pafu la kitoto. Mwili ni mkubwa, mahitaji ni makubwa, ila mahali pa kupitishia hewa pamebaki padogo mno. Mashine ya kupumulia ikilisukumia pafu hilo pumzi ya mtu mzima, ile sehemu iliyokuwa bado nzima inachanika, na mgonjwa anaumizwa mara mbili, na ugonjwa kisha na tiba.

ECMO, kama mashine hiyo ya pafu bandia inavyoitwa hospitalini, inalipatia pafu hilo mapumziko. Kwa nimonia, moyo ukiwa bado una nguvu, mirija miwili huingizwa kwenye vena. Mmoja, wenye unene wa milimita 8 hivi, unapitishwa pajani hadi karibu na moyo na kuvuta damu. Damu inapita kwenye pampu, kisha inaingia kwenye kasha la plastiki lililojaa nyuzi nyembamba zenye uwazi ndani: gesi inapita ndani ya nyuzi, damu inapita nje yake, na hewa zinabadilishana kwenye kuta. Nyuzi zote hizo zikitandazwa hufikia karibu meta 2 za mraba, wakati mapafu ya binadamu yana makumi. Damu ikishapata oksijeni hupashwa joto na kurudishwa kwa mrija wa pili, mwembamba kidogo, kupitia vena ya shingo. Ni lita 4 hadi 6 kila dakika, usiku na mchana, kwa siku 10, kwa siku 14, kwa wengine zaidi ya mwezi.

Ina vidhibiti viwili ambavyo wasioizoea huvichanganya. Oksijeni inaamuliwa na wingi wa damu inayopita. Hewa ukaa inaamuliwa na kasi ya gesi inayopulizwa kwenye nyuzi. Hewa ukaa ikiwa imepanda, ukiongeza mzunguko wa pampu hupati kitu, ongeza gesi. Na hapo hapo pana mtego wa siku ya kwanza: mgonjwa aliyekaa na hewa ukaa ya juu kwa siku kadhaa akishushwa ghafla ndani ya saa chache, mishipa ya ubongo inabanwa, na kushuka kwa ghafla namna hiyo kumehusishwa na kuvuja damu kichwani. Hushushwa polepole, kipimo cha gesi za damu kikirudiwa mara kwa mara, ndiyo maana mahali pasipo na maabara ya gesi za damu saa 24 pasifikirie kabisa kuiwasha mashine hii.

Wakati pafu bandia likifanya kazi, mashine ya kupumulia inateremshwa: presha ya juu isizidi 25, pumzi 10 hivi kwa dakika, oksijeni ishuke hadi nusu au chini. Kwenye skrini pumzi moja inaweza kuonekana ni mililita 80 tu, kama ujazo wa kikombe cha kahawa ya mtaani. Ndugu akiiona namba hiyo hushtuka, kama anavyoshtuka akiona oksijeni ya damu imekaa 86 badala ya 96. Hiyo 86 inakubalika, kwa sababu damu iliyosafishwa inachanganyika na ile ambayo mashine haikuiwahi. Na zile mililita 80 ndizo za kuangaliwa kila asubuhi. Presha ikiwa ileile na pumzi ikakua, leo 80, keshokutwa 150, wiki ijayo 300, pafu linarudi. Hakuna dawa iliyolirudisha. Mashine imenunua siku, na mwili umezitumia.

Siku hizo zina gharama yake. Damu inayogusa plastiki inataka kuganda, kwa hiyo mgonjwa anapewa heparini. Damu iliyopewa heparini inataka kuvuja, na mahali pabaya kuliko pote pa kuvuja ni ubongo. Kila saa mtu anatembea kwenye kamba hiyo. Utamwona muuguzi wa zamu ya usiku ameinama na tochi, anamulika pembe za lile kasha moja baada ya nyingine. Anatafuta vidoa vyeusi, yaani damu iliyoganda, na vinyuzi vyeupe, na anavichora kwenye karatasi ili mwenzake wa asubuhi ajue kipi ni kipya. Kisha anaangalia mirija. Ukitikisika kama mpira wa maji unaokosa maji, pampu inavuta kuliko damu iliyopo: pengine mgonjwa amekaukiwa, pengine anakohoa, pengine mrija umepinda pajani. Kosa la mgeni ni kuongeza kasi ya pampu. Mwenye uzoefu anaipunguza kwanza, ndipo atafute sababu, maana mvuto mkali huvunja chembe nyekundu na mkojo hubadilika rangi.

Kisha kuna rangi. Mrija unaotoka kwa mgonjwa ni mwekundu uliokolea, karibu na zambarau. Unaorudi ni mwekundu wa kung'aa. Siku mirija yote miwili ikionekana na rangi moja, ile ya giza, damu inazunguka bure. Sababu ya kwanza kuangaliwa si kasha wala pampu. Ni mpira wa gesi: umechomoka, au mtungi umekwisha na hakuna aliyeona. Katika jiji ambalo hospitali nyingi bado zinabadilisha mitungi kwa mkono, hatari hiyo ni ya kila siku. Mirija yote miwili ikiwa na rangi moja ya kung'aa, tatizo ni jingine: ncha za mirija zimekaribiana na pampu inainywa damu iliyoirudisha yenyewe. Umeme ukikatika kuna betri, na betri ikigoma kuna mkono wa kuzungushia pampu, ambao unatakiwa uwe umefungwa kwenye mashine, usiwe stoo. Pampu ikisimama kabisa, mrija unaorudisha damu hubanwa kwa koleo, na mashine ya kupumulia inarudishwa juu papo hapo. Haya hufanyiwa mazoezi mpaka mikono iyajue, kwa sababu dakika ya kusoma mwongozo haipo.

Je, inaokoa? Historia yake si ya kupanda moja kwa moja. Mwaka 1979 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliohusisha wagonjwa 90 wenye mapafu yaliyoshindwa. Kwenye kundi la mashine na kundi lisilo na mashine, wagonjwa tisa kati ya kumi walikufa. Damu ilivuja sana, na mapafu yakaendelea kusukumwa kwa presha kubwa hata pafu bandia likiwa limewashwa, kwa hiyo mapumziko yenyewe hayakuwepo. Kwa watu wazima, hospitali nyingi ziliiacha. Ilirudi kwa kishindo mwaka 2009 na mafua ya H1N1. Nchini Australia na New Zealand wagonjwa 68 waliwekwa kwenye ECMO, umri wao wa kati ukiwa miaka 34, kwa muda wa kati wa siku 10. Hadi taarifa inaandikwa 14 walikuwa wamefariki, na wengi wa waliobaki walikuwa wameshatoka ICU. Kwa vijana ambao tayari mashine ya kupumulia ilikuwa imewashindwa, hayo ni matokeo makubwa.

Mwaka huohuo wa 2009 ulichapishwa utafiti wa Uingereza uitwao CESAR, na ndio ninaotaka tukae nao. Wagonjwa 180 waligawanywa kwa kura: nusu wabaki na matibabu ya kawaida kwenye hospitali zao, nusu wapelekwe Glenfield, Leicester, hospitali iliyokuwa na uzoefu wa ECMO. Baada ya miezi 6, waliokuwa hai bila ulemavu mkubwa walikuwa asilimia 63 kwa waliopangiwa Leicester na asilimia 47 kwa waliobaki. Kila mtetezi wa mashine huitaja namba hiyo. Wachache huendelea kusoma. Kati ya 90 waliopangiwa Leicester, waliowekwa kwenye mashine ni 68. Kati ya 22 waliosalia, 3 walifariki kabla ya kuhamishwa, 2 njiani, mmoja hakuweza kupewa heparini, na 16 walipata nafuu kwa matibabu ya kawaida bila hata kuunganishwa. Na jambo la pili: upumuaji wa pumzi ndogo unaolinda pafu ulitumika kwa asilimia 93 ya kundi la Leicester, na kwa asilimia 70 tu ya wale waliobaki makwao.

Soma tena. Sehemu ya tofauti ile inaweza kuwa ni ya kufikishwa mikononi mwa watu wanaofanya jambo rahisi bila kuliacha, mashine ikiwa pembeni kwa atakayeihitaji. Utafiti wa EOLIA wa mwaka 2018 ulijaribu kuitenganisha mashine na hospitali: wagonjwa 249, na kundi lisilo na mashine nalo lilipewa pumzi ndogo na karibu wote walilazwa kifudifudi. Vifo ndani ya siku 60 vilikuwa asilimia 35 kwa ECMO na 46 kwa wengine, tofauti ambayo kihesabu haikutosha kuthibitisha, ingawa asilimia 28 ya kundi la pili walihamishiwa kwenye mashine kwa kuzidiwa, na zaidi ya nusu ya hao walifariki. Mimi naamini mashine inaokoa baadhi ya watu. Naamini vilevile kwamba ukiiweka juu ya ICU isiyopima urefu wa mgonjwa, utakuwa umenunua mapambo ya bei mbaya.

Urefu wa mgonjwa, ndiyo. Mwaka 2000 utafiti wa Marekani wa wagonjwa 861 ulilinganisha pumzi ya mililita 12 kwa kila kilo na pumzi ya mililita 6. Vifo vilishuka kutoka asilimia 39.8 hadi 31. Hakuna dawa iliyoongezwa. Lakini kilo zinazohesabiwa hapo si za mzani, ni kilo zinazokadiriwa kutokana na urefu, kwa sababu mapafu hayanenepi. Mtu akiongeza mwili baada ya uzazi, au baada ya kukaa kwenye kiti cha ofisi miaka 20, mapafu yanabaki yaleyale aliyokuwa nayo akiwa na miaka 20. Kwa mwanamke unachukua urefu wake kwa sentimita, unatoa 152.4, unazidisha kwa 0.91, unajumlisha 45.5. Kwa mwanaume unajumlisha 50 badala ya 45.5. Mama mwenye sentimita 158 na kilo 95 za mzani anapata kilo 50.6, na pumzi yake ni mililita 300 hivi. Ukitumia mzani unampa 570, karibu mara mbili, mara 25 kwa dakika, saa 24, siku 5. Huyo ndiye atakayeletewa ombi la ECMO siku ya sita.

Kumpima urefu anayelala ndilo jambo la kwanza, na halihitaji bajeti. Futi kamba ya fundi cherehani inatosha: mgonjwa analazwa anyooke, unapima kutoka kisigino hadi utosini, unaandika namba kwenye kipande cha plasta na kukibandika kwenye mashine yake ya kupumulia, pamoja na mililita zake. Daktari wa zamu inayofuata, aliyechoka, asiyemjua mgonjwa, anaikuta pale. Hewa ukaa itapanda kidogo kwa sababu pumzi ni ndogo, na hapo vijana wengi huogopa na kuongeza mililita. Iachwe ipande, mradi pH ya damu, kipimo kinachoshuka asidi ikizidi, isishuke chini ya 7.25 hivi; ikikaribia hapo, kwanza ongeza idadi ya pumzi, hadi 30 au 35.

La pili ni kumlaza kifudifudi. Utafiti wa Ufaransa na Hispania uliochapishwa mwaka 2013, wa wagonjwa 466, ulikuta vifo vya siku 28 vikiwa asilimia 16 kwa waliolazwa kifudifudi na karibu 33 kwa waliolala chali. Ni tofauti kubwa kuliko zile za CESAR na EOLIA, kwa gharama ya mito na mikono. Shida ni kwamba wengi hugeuza kwa saa 4 na kumrudisha. Saa 16 mfululizo ndizo zilizopimwa. Inahitaji watu 5: mmoja kichwani, kazi yake pekee ni kuushika mpira wa kooni na kuhesabu kwa sauti, wawili kila upande. Macho yanapakwa mafuta ya macho na kufungwa kwa plasta kabla, chakula cha mrija kinasimamishwa, koo linafyonzwa. Mto mmoja kifuani, mmoja nyongani, tumbo libaki likining'inia. Kila saa 2 kichwa kinageuzwa upande mwingine na mkono mmoja unapandishwa, la sivyo shavu linapata kidonda na mishipa ya fahamu ya bega inapooza. Kinachoharibu zoezi hili mara nyingi ni haraka: mpira wa kooni unachomoka kwa sababu hakuna aliyesema nani anahesabu.

La tatu ni oksijeni yenyewe. Mtungi mkubwa una lita kama 6,800. Kwa mgonjwa wa barakoa ya lita 10 kwa dakika unadumu saa 11. Kwa mgonjwa wa mashine ya mkondo mkubwa, lita 60 kwa dakika, haufiki saa 2. Wagonjwa watatu wa namna hiyo usiku mmoja wanamaliza mitungi zaidi ya 18 kabla ya mapambazuko, na jenereta haiwezi kusaidia kilichokwisha. Fedha za mkopo wa UVIKO za mwaka 2021, zile Sh1.3 trilioni, zilijenga vyumba vya ICU na mitambo ya kuzalisha oksijeni nchini, jambo lililokuwa linahitajika sana. Lakini mtambo huo huchuja hewa kwa chembechembe za zeolaiti ambazo adui yake ni unyevunyevu, na unyevunyevu wa Dar es Salaam kila mtu anaujua kwa shati lake. Kikausha hewa kikifa na kisitengenezwe, zeolaiti inalowa, na gesi inayotakiwa kuwa na oksijeni ya asilimia 93 inashuka bila kelele. Mgonjwa hushuka nayo, na daktari anadhani ni virusi. Kipimo cha usafi wa oksijeni kisomwe kila siku na kuandikwa ukutani, mahali ambapo wauguzi wanaona, si ofisini kwa fundi.

Mambo hayo matatu yakifanyika vizuri na mgonjwa bado anazama, hapo ndipo swali la ECMO linapokuwa halali, na linakuwa swali la saa. Vigezo vya EOLIA vinatumika vizuri: presha ya oksijeni ya damu ikigawanywa kwa sehemu ya oksijeni anayopewa, jibu likiwa chini ya 50 kwa zaidi ya saa 3, au chini ya 80 kwa zaidi ya saa 6, licha ya pumzi ndogo na kifudifudi. Na awe hajakaa kwenye mashine ya kupumulia zaidi ya siku 7. Baada ya hapo pafu linakuwa limeanza kujijaza makovu, na mashine inamshikilia mtu ambaye hana pa kurudi. Umri mkubwa, kinga iliyoshuka sana na damu iliyovuja ubongoni hupunguza matumaini kwa kiasi ambacho familia inastahili kuambiwa waziwazi kabla mrija wa kwanza haujaingia. Kwetu kuna jingine: picha ya kifua yenye weupe pande zote mbili inaweza kuwa TB iliyosambaa, nimonia ya nyemelezi kwa mwenye VVU asiyejijua, au malaria kali. Kipimo cha makohozi, cha VVU na cha malaria vitangulie. Wengine wanapona kwa dawa tunazo kabatini.

Kwa hiyo Dar es Salaam iwe na pafu bandia au isiwe nalo? Iwe nalo, mahali pamoja, na lianze wakati hakuna mlipuko. Hilo la wakati si la tahadhari tupu. Takwimu za UVIKO zinaonyesha: wagonjwa 1,035 wa mwanzo wa ECMO kutoka nchi 36 walikuwa na vifo vya asilimia 37 hivi; katika taarifa ya mwaka uliofuata, hospitali zilizochelewa kuanza kutumia ECMO kwa wagonjwa wa UVIKO zilikuwa na vifo vya karibu asilimia 59, wakati zilizotangulia, nazo zikikabiliwa na wagonjwa wagumu zaidi kuliko mwanzo, zilikuwa na 52. Mashine iliyonunuliwa kwa hofu huja kabla ya watu wake. Wataalamu wa kimataifa walipendekeza mwaka 2014 kwamba kituo kifanye angalau wagonjwa 20 kwa mwaka, 12 kati yao wakiwa wa mapafu, ili mikono isisahau. Ukigawa mashine moja kila hospitali ya rufaa ili kila upande wa jiji uridhike, hakuna hata mmoja utakaofikisha idadi hiyo.

Mahali pa kuanzia pamekaa pazuri pale Upanga. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ndani ya eneo la Muhimbili, ina wataalamu wanaoendesha mashine ya moyo na mapafu kwenye upasuaji. Ujuzi wao ni msingi mzuri, ila kazi hizi mbili zisichukuliwe kuwa ni moja. Kwenye upasuaji mashine hufanya kazi saa chache, heparini ni nyingi mno, mgonjwa amelala usingizi mzito na mtaalamu hasogei. ECMO ni wiki, heparini kidogo, na saa 9 usiku aliyeko kitandani ni muuguzi. Mgonjwa mmoja anataka muuguzi wake peke yake zamu zote, na wa kumpokea akienda kula. Bila kuhesabu watu hao kwa majina kwenye ratiba ya mwezi, usinunue hata mrija.

Na barabara. Mgonjwa wa Mbagala au Gongo la Mboto akihamishwa jioni, gari linakaa kwenye foleni. Hesabu ya oksijeni ya safari ifanywe kwa dakika za foleni halafu izidishwe kwa mbili. Kupiga simu mapema, siku ya pili ya mashine ya kupumulia badala ya siku ya nane, kunaokoa kuliko king'ora.

Sasa aliyepona. Kutoka kwenye mashine hufanywa kwa kufunga gesi ya pafu bandia huku damu ikiendelea kuzunguka: mgonjwa anapumua kwa mapafu yake mwenyewe, anaangaliwa kwa saa kadhaa, gesi za damu zikibaki nzuri mirija inatolewa. Siku moja au mbili baadaye mishipa ya paja na shingo ipimwe kwa ultrasaundi, maana damu huganda mahali mirija ilipokuwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Hapo hospitali hupiga picha, na kila mtu anafurahi, na ni haki kufurahi. Lakini safari iko nusu.

Cha kushangaza, mapafu ndiyo hurudi vizuri. Madaktari wa Toronto waliwafuata manusura 109 wa mapafu yaliyoshindwa kwa miaka 5. Vipimo vya kupumua vilikuwa kawaida au karibu na kawaida, ila umbali waliotembea kwa dakika 6 ulikuwa asilimia 76 ya uliotarajiwa, na mwaka mmoja baada ya kutoka ni nusu tu waliokuwa wamerudi kazini. Kilichobaki nyuma ni misuli. Msuli wa mbele wa paja hupoteza karibu asilimia 18 ya unene wake ndani ya siku 10 za ICU. Huo ndio msuli unaomnyanyua mtu kutoka chini, na hapa kwetu mtu anaruhusiwa kwenda nyumba yenye choo cha kuchuchumaa. Anachuchumaa vizuri, hainuki. Anaita, na kwa mtu mzima, baba wa watu, kuitia msaada chooni ni aibu inayomfanya aanze kupunguza kula na kunywa ili asiende mara kwa mara. Kwa hiyo kabla hajaruhusiwa apimwe jambo hilo hasa: anaweza kuinuka kutoka kwenye kigoda kifupi mara 5 bila kushika? Kama hawezi, aende na kiti cha plastiki kilichokatwa katikati, na mazoezi ya kusimama na kukaa mara 10, asubuhi, mchana na jioni, akiongeza kila wiki. Mafunzo hayo yaanze akiwa bado kwenye mashine, kwa kukalishwa ukingoni mwa kitanda pindi usingizi wa dawa unapopunguzwa.

Usiku ataota. Wengi hutoka ICU na kumbukumbu za watu waliokuja kuwafunga au kuwazamisha, na nyumbani wanaombewa kama waliorogwa. Familia iambiwe mapema kwamba ubongo uliokosa usingizi na kujaa dawa hutunga mambo hayo, na kwamba hupungua kwa miezi. Nywele zitakatika mwezi wa tatu, zitaota tena. Mguu mmoja ukivimba, arudi siku hiyohiyo. Na akianza kukoroma au kupiga mluzi anapovuta hewa, wiki 4 au 6 baada ya kutoka, asipewe dawa ya pumu na kurudishwa: mpira uliokaa kooni wiki nyingi unaweza kuacha kovu linaloziba njia ya hewa, na huyo anahitaji daktari wa koo kabla hajabanwa kabisa.

Haya yaandikwe kwa Kiswahili kwenye karatasi ya ruhusa, pamoja na tarehe tatu za kurudi: wiki 6, miezi 3, miezi 6. Ile ya tatu ndiyo CESAR ilipopima, na kituo chochote kitakachoanzishwa hapa kitangaze namba yake ya miezi 6: wangapi wako hai, wangapi wanainuka wenyewe, wangapi wamerudi kwenye genge, kwenye usukani, kwenye cherehani. Asiyekuja kliniki siku hiyo apigiwe simu. Na asipopokea, apigiwe ndugu aliyekuwa anakaa kwenye lile benchi.